Kabichi zinarudi kuwa njano kila baada ya kuwekewa urea: kosa ni la mbolea au la maji?

Swali: Mtaalamu, nina eneo la mita za mraba 1,000 la kabichi, zimetimiza siku 35 tangu nizipandikize. Udongo ni kichanga tifutifu. Mipira ya matone nimeilaza kila baada ya sentimita 60, matundu yako kila sentimita 30, kila tundu linatoa lita moja kwa saa, na ninafungulia maji saa mbili kila jioni. Nimekwisha kuweka urea mara mbili, kilo 25 siku ya 7 na kilo 25 siku ya 21, kwa mkono, kipimo kimoja pembeni mwa kila mche. Kila mara majani hukolea rangi, lakini baada ya siku kumi na mbili hivi yale ya chini yanarudi kuwa njano, hasa upande wa karibu na tangi. Jirani yangu ametumia nusu ya mbolea niliyotumia, tena humwagilia kila siku ya tatu kwa sababu hana muda, na kabichi zake ni za kijani kuliko zangu. Je, nimeuziwa mbolea bandia? Niongeze kilo 25 nyingine?

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo uliyotoa sidhani kwamba umeuziwa mbolea bandia, na huo mfuko wa tatu nakushauri usiumwage shambani kwa mkupuo. Kinachonifanya niseme hivyo ni maneno machache uliyoyaandika kama nyongeza tu, kwamba njano imezidi upande wa karibu na tangi. Mbolea uliiweka kwa mkono, kipimo kile kile kwa kila mche, kwa hiyo kama ingekuwa haina nguvu, shamba zima lingepauka kwa kiasi kinachofanana. Kinachotofautiana kutoka mwanzo wa mpira hadi mwisho wake ni maji, kwa kuwa karibu na tangi msukumo ni mkubwa na matundu hutoa zaidi, na kadiri mpira unavyokwenda mbali ndivyo yanavyotoa kidogo. Penye maji mengi ndipo penye njano. Jirani yako, asiye na muda wa kumwagilia kila siku, amekuonyesha jambo hilo hilo bila kukusudia.

Ili uone kilichotokea, ni lazima tuifuate urea tangu ilipodondoka pembeni mwa mche. Urea yenyewe huyeyuka upesi na haina chaji ya umeme, hivyo udongo hauna pa kuishikia. Katika siku moja au mbili za mwanzo, maji mengi yakipita, hushuka nayo kama sukari inavyoshuka na maji kwenye chujio. Kisha kimeng'enya kiitwacho urease, ambacho kimejaa katika kila udongo wenye uhai, huigeuza kuwa amoniamu, na katika udongo wenye joto kazi hiyo huisha kwa siku chache tu. Amoniamu ina chaji chanya, na chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi, basi hapo naitrojeni, yaani kile chakula cha mmea kilichomo ndani ya urea, hutulia kidogo kwa kuwa imepata cha kushikamana nacho. Hata hivyo utulivu huo haudumu. Bakteria wa udongo, wakiwemo wa jenasi Nitrosomonas na Nitrobacter, huibadilisha amoniamu kuwa naitreti ndani ya wiki moja hadi tatu, na naitreti ina chaji hasi kama ile ya udongo wenyewe. Haishikwi na chochote. Maji yakisimama nayo husimama, maji yakishuka nayo hushuka, na mkulima anayetaka kujua naitrojeni yake iko wapi hana budi kwanza kujiuliza maji yake yamefika wapi.

Sasa tupige hesabu ya maji yako, kwa sababu umetoa vipimo vyote vinavyohitajika na si wasomaji wengi wanaofanya hivyo. Kila tundu linahudumia eneo la sentimita 60 kwa 30, ambalo ni mita ya mraba 0.18. Lita moja kwa saa katika eneo hilo ni sawa na milimita 5.6 kwa saa, maana lita moja ikimwagwa sawasawa juu ya mita moja ya mraba hufanya kina cha milimita moja. Kwa saa mbili unaweka milimita 11 kila siku, yaani zaidi ya lita elfu kumi na moja kwa shamba lote. Je, kabichi zilikuwa zinahitaji kiasi hicho? Mwongozo wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, uliotolewa mwaka 1998 kuhusu mahitaji ya maji ya mazao, hukadiria matumizi kwa kuzidisha nguvu ya hali ya hewa ya kukausha kwa kizio cha zao, yaani namba inayoonyesha zao hutumia kiasi gani ukilinganisha na nguvu hiyo. Siku ya joto la wastani na hewa kavu hukausha milimita 5 hivi. Kizio cha mboga zilizotoka tu kupandikizwa ni 0.7, na cha kabichi iliyofunika ardhi ni 1.05. Kwa hiyo katika wiki za mwanzo miche yako ilitumia milimita 3.5 kwa siku, na hata ikifunika ardhi yote haitazidi sana milimita 5. Siku za joto kali na upepo tarakimu hizi hupanda na siku za mawingu hushuka, lakini ni vigumu kufikia milimita 11.

Ziada, basi, ilikuwa milimita saba na nusu kila siku, na maji hayo hayakupotea hewani, yalishuka. Kichanga tifutifu kilichokwisha kunywa na kuchujika hubaki na maji kama asilimia 20 ya ujazo wake, na kanuni ya kukadiria ni rahisi: gawanya maji ya ziada kwa sehemu hiyo, utapata kina ambacho naitreti imesukumwa. Siku kumi za ziada yako ni milimita 75, ukigawanya kwa 0.20 unapata milimita 375, yaani karibu sentimita 38. Hesabu hiyo inachukulia kwamba maji yameenea shamba zima. Mpira wa matone haulowanishi shamba zima, hulowanisha ukanda tu, pengine nusu ya eneo, kwa hiyo chini ya ukanda huo msukumo unaweza kuwa mara mbili ya hapo. Mizizi ya mche wa wiki tatu iko zaidi katika sentimita 20 hadi 30 za juu. Sasa zile siku kumi na mbili za kijani kisha njano hazipaswi kukushangaza tena, kwa kuwa ndio muda ambao urea ilihitaji kugeuka naitreti na kuvushwa nje ya mizizi.

Upande wa mbolea hesabu yake inaonyesha jambo lile lile. Urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo kilo 50 ulizokwisha kuweka zina kilo 23 za naitrojeni halisi. Zao zuri la kabichi, tangu kupandikizwa hadi kuvunwa, huchukua ardhini kati ya kilo 200 na 250 kwa hekta, ambazo kwa eneo lako ni kilo 20 hadi 25. Lakini haichukui kwa mwendo mmoja. Katika wiki tano za kwanza kabichi haijachukua hata robo ya mahitaji yake, na njaa yake kubwa huja inapoanza kujikunja na kufunga, ambapo inaweza kunyonya kilo 3 hadi 5 kwa hekta kwa siku moja. Wewe umeandaa chakula cha msimu mzima kabla mlaji hajaketi. Kama mimea yako imekula kilo 5 kati ya 23, nyingine zote ziko mahali pengine: sehemu chini ya mizizi, sehemu bado ndani ya udongo wa juu, na sehemu, naogopa, imeruka hewani.

Hiyo ya kuruka hewani inahitaji maneno machache, kwa sababu wanaotumia mipira ya matone huipata zaidi bila kujua. Urea inapogeuka amoniamu juu ya udongo, pale pale kwenye punje uchachu wa udongo hupungua sana na sehemu ya amoniamu hugeuka kuwa gesi ya amonia. Ukipita asubuhi yenye joto shambani mwa mtu aliyetupia urea juu ya udongo wenye unyevunyevu siku mbili zilizopita, ukainama karibu na tuta, utasikia harufu kali inayochoma pua kama ya choo kilichofungwa muda mrefu. Dawa yake ni kuifukia urea sentimita 5, au kuimwagia maji ya milimita 10 hadi 15 mara moja ili izame. Anayetumia bomba la kunyunyizia hufanya hivyo bila shida. Lakini mpira wa matone hautoi maji juu ya punje zilizodondoka nje ya ukanda wake. Punje hizo hupata unyevu wa kuziyeyusha tu, si maji ya kuzizamisha, na hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Kuweka urea kwa mkono juu ya ardhi na kumwagilia kwa matone ni mambo mawili yasiyopatana.

Kabla hujabadilisha lolote, chukua jembe au sepeto ukachimbe. Naomba usiliruke hili, maana kwa umri wangu katika kazi hii nimeona hesabu nzuri nyingi zikikanushwa na shimo moja. Asubuhi, zikiwa zimepita saa kumi na mbili hivi tangu ufunge maji, chimba shimo la kina cha sentimita 60 pembeni mwa mche ulio karibu na tangi, na jingine mwisho wa mpira. Toa udongo wa kila sentimita 15, ufinyange kiganjani. Kichanga tifutifu chenye unyevu wa kutosha hufanya donge dhaifu ambalo ukiligusa kwa kidole gumba linavunjika, na huacha kiganja kikiwa na unyevu bila maji kuonekana. Ukiona maji yanang'aa kati ya vidole, au udongo wa sentimita 50 umelowa kuliko ule wa sentimita 15, basi umeshuhudia kwa macho yako njia iliyopitiwa na urea. Tazama pia mizizi imefika wapi na ina rangi gani. Mizizi myeupe ni mizima, na ile ya kahawia inayovuliwa ganda kirahisi imekosa hewa. Mimea yenye mizizi iliyokosa hewa nayo hugeuka njano, na ukiiongezea mbolea unaiumiza zaidi kwa chumvi.

Fanya na kipimo cha vikombe siku hiyo hiyo. Zika kikombe chini ya tundu moja karibu na tangi, kingine katikati, kingine mwisho wa mpira, katika mipira mitatu au minne tofauti, ufungulie maji kwa dakika 15. Tundu la lita moja kwa saa linapaswa kutoa mililita 250. Ukikuta 320 mwanzoni na 180 mwishoni, ujue kwamba tatizo lako lina sura mbili, na kwamba hakuna muda wa kufungulia maji utakaofaa pande zote mbili kwa pamoja mpaka usawazishe msukumo, ama kwa kufupisha mipira, ama kwa kupeleka maji katikati ya shamba badala ya pembeni, ama kwa kuosha mipira iliyoziba. Usawa huu ni muhimu zaidi utakapoanza kupitisha mbolea humo humo, maana mbolea itagawanywa jinsi maji yanavyogawanywa.

Tukija kwenye ratiba mpya ya maji, kichanga tifutifu huhifadhi maji yanayoweza kunyonywa na mmea kama milimita 1.2 kwa kila sentimita moja ya kina. Mizizi ikiwa katika sentimita 30 ghala ni milimita 36. Mmea hauwezi kulimaliza ghala hilo bila kuteseka. Kwa kabichi mwongozo niliotaja unaruhusu kutumia asilimia 45 kabla ya kumwagilia tena, kwa nyanya 40, kwa vitunguu na saladi 30, na kwa mchicha wa aina ya spinachi 20 tu. Kwako hiyo ni milimita 16, na kwa kuwa mipira inalowanisha karibu nusu ya eneo, tukate nusu: milimita 8. Ndiyo maana kwenye udongo wako siwezi kukushauri uige siku tatu za jirani kabla ya kuchimba na kuona, lakini kila siku ya pili ni salama. Wiki za mwanzo zingehitaji milimita 4 kwa siku, nikiwa nimeongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kutolingana kwa matundu, hivyo milimita 8 kila siku ya pili, ambazo ni dakika 85 hivi. Sasa mimea yako imefikia nusu ya ukuaji, mizizi imeshuka na ghala limekua, nayo inatosheka na milimita 10 kila siku ya pili, yaani saa moja na dakika 50. Majani yatakapofunika ardhi yote utapanda hadi milimita 12, saa mbili na dakika 10. Linganisha na saa nne ulizokuwa unatumia kwa kila siku mbili. Mvua ikinyesha, ipime kwa chombo chochote chenye kuta zilizonyooka, uiondoe katika hesabu.

Usiogope kwamba miche itasinyaa siku ya kwanza ya kupunguziwa. Kabichi hulegea majani mchana wa jua kali hata udongo ukiwa na maji. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni kulegea kunakoendelea hadi asubuhi. Na kuna faida ambayo haionekani juu ya ardhi: mizizi ya kabichi, isipokutana na tabaka gumu wala na maji yaliyosimama, inaweza kupita kina cha mita moja kabla ya mavuno. Sehemu ya naitreti uliyoisukuma hadi sentimita 50 au 60 bado inaweza kufikiwa, mradi usiisukume zaidi. Mwenye saladi au vitunguu hana bahati hiyo, maana mizizi yao haishuki sana, na kilichovuka sentimita 50 kwao kimekwenda.

Mbolea sasa. Huo mfuko wa kilo 25 utatumika, lakini utagawanywa mara sita, na si kabla ya kuona dalili kwamba unahitajika. Baada ya kurekebisha maji, chagua mita tano za mstari mmoja katikati ya shamba, uziwekee urea gramu 100 iliyoyeyushwa na kumwagwa sawasawa kwenye ukanda wenye unyevu, kisha weka kijiti cha alama. Subiri siku saba. Ukanda huo ukiwa kijani kuliko majirani zake, shamba lina njaa ya naitrojeni na unaweza kuanza kulisha. Usipoonyesha tofauti, shamba bado linajilisha kwa kilichomo, na unapaswa kurudia jaribio wiki inayofuata mahali pengine badala ya kumwaga mbolea kwa mashaka. Sijui kipimo kingine kisichohitaji maabara kinachosema kweli kama hiki. Anayeweza kupata vijikaratasi vya kupimia naitreti ya udongo atumie: katika bonde la Salinas huko California, ambako saladi hulimwa kwa wingi, wakulima huzoea kutoongeza mbolea iwapo udongo wa sentimita 30 za juu una zaidi ya miligramu 20 za naitrojeni ya naitreti kwa kilo. Kiasi hicho ni karibu kilo 80 kwa hekta, kilo 8 kwa shamba kama lako. Angalia tu kama kijikaratasi kinasoma naitreti yenyewe au naitrojeni iliyo ndani yake, kwa kuwa naitreti lazima uigawe kwa 4.43 ili upate naitrojeni, na wengi wamepotea hapo.

Ukishajua kwamba kulisha kunahitajika, kipimo cha wiki ni kilo 2 za naitrojeni kwa eneo lako, yaani urea kilo 4.3, ukiipitisha kwenye mipira ya matone. Hiyo ni karibu kilo 3 kwa hekta kwa siku, inayolingana na uwezo wa kabichi inayofunga. Wiki sita za hivyo zitaumaliza mfuko, na utakuwa umefikia wiki tatu hivi kabla ya kuvuna, ambapo unaacha. Kabichi inayolishwa naitrojeni nyingi mwishoni hupasuka kichwa kirahisi na haihifadhiki, na mboga za majani kwa jumla hulimbikiza naitreti kwenye majani zinapolishwa kuliko zinavyoweza kujenga.

Namna ya kuipitisha ina nidhamu yake. Yeyusha urea kwenye ndoo ya lita 20. Utashangaa jinsi ndoo inavyopoa hadi kuota umande kwa nje, kwa sababu urea hunyonya joto inapoyeyuka. Hapo ndipo pia utakapoiaminisha nafsi yako kuhusu ubandia: urea safi huyeyuka yote na kupoza maji sana, na mchanga au unga ukibaki chini ya ndoo una haki ya kuuliza. Si kipimo cha maabara, lakini hufichua udanganyifu wa wazi. Fungulia maji matupu kwa dakika 40, halafu ingiza mbolea polepole kwa dakika 40, halafu malizia kwa maji matupu dakika 30 ili mipira isafishike na mbolea izame kidogo. Nimewahi kufanya kinyume. Nilifungulia mbolea mwanzoni kabisa mwa zamu ya saa nne kwenye saladi, nikaenda kwenye kazi nyingine nikijisifu kwamba nimewahi. Saa tatu na zaidi za maji zikafuata nyuma yake. Wiki ile ile saladi zikapauka, nami nikawa wa kwanza kuilaumu mbolea. Hakikisha pia kuna vali inayozuia maji kurudi nyuma kati ya ndoo na kisima au tangi la nyumbani.

Utashauriwa kutumia CAN, mbolea ya naitreti ya amoniamu iliyochanganywa na chokaa, badala ya urea, na kwa kuweka kwa mkono ni ushauri mzuri, kwa kuwa ina asilimia 26 au 27 ya naitrojeni, nusu yake naitreti ambayo mmea huichukua papo hapo, na haipotei sana kama gesi. Kwenye mipira, hapana: ina unga wa chokaa usioyeyuka na utaziba matundu yako ndani ya wiki chache. Naitreti ya kalsiamu huyeyuka vizuri, lakini usiichanganye katika ndoo moja na mbolea zenye fosfeti au salfeti, maana hugandamana kama plasta. Tena kumbuka kwamba naitrojeni yote iliyomo iko tayari kuoshwa tangu dakika ya kwanza, hivyo anayezidisha maji huipoteza upesi zaidi kuliko urea.

Hukutaja samadi wala chanzo cha maji yako, nami nisingependa uvisahau. Samadi ya kuku iliyowekwa kabla ya kupanda inaweza kutoa karibu nusu ya naitrojeni yake msimu huo huo, ya ng'ombe hutoa sehemu ndogo zaidi na kwa pole, na ikiwa imejaa pumba au majani makavu huanza kwa kuikopa naitrojeni ya udongo kabla ya kuirudisha. Maji ya kisima nayo yanaweza kuwa na naitreti. Kisima chenye miligramu 50 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kuwa mwisho kwa maji ya kunywa, huleta kilo 11 za naitrojeni kwa hekta kwa kila milimita 100 za umwagiliaji. Ni mbolea ya bure, inayostahili kuhesabiwa. Pia ni onyo kuhusu mahali ambako naitrojeni inayovuka mizizi huishia.

Wasomaji wenye udongo wa mfinyanzi wasidhani haya hayawahusu. Kwao ziada ya milimita 10 haisukumi naitreti zaidi ya sentimita 3, lakini maji yakituama siku mbili tatu katika joto, bakteria waliokosa hewa hunyonya oksijeni iliyo ndani ya naitreti yenyewe na kuiachia naitrojeni ipae kama gesi. Rangi ya njano ni ile ile. Kwao dawa ni matuta ya juu na kumwagilia kwa nafasi ndefu zaidi.

Jambo la mwisho linahusu zao litakalofuata. Ukikata vichwa, majani ya nje na mashina utakayoyaacha shambani yanaweza kubeba kilo 100 za naitrojeni kwa hekta au zaidi, kwa eneo lako kilo 10, karibu sawa na moja ya duru zako mbili za urea, na katika udongo wenye joto na unyevu huoza na kuiachia ndani ya wiki chache. Usiyachimbie kisha ukaliacha shamba tupu likipigwa na mvua. Panda mapema, na zao hilo ulipunguzie mbolea ya mwanzo mpaka ukanda wako wa majaribio uonyeshe tofauti.